Plau, haro na rotaveta za trekta ndogo: kipi uchukue kipya, kipi utafute cha mtumba

Ukishapata trekta ndogo, iwe Kubota ya HP 24 iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika au Mahindra mpya ya HP 30 na kitu, mara nyingi hela inakuwa imekata, na hapo ndo unakumbuka kwamba trekta peke yake hailimi. Inataka plau ya kupindua udongo, inataka haro ya kuvunja mabonge, wengine wanataka rotaveta ya visu vinavyozunguka, na bei ya kila kimoja inashtua. Sasa mtu anaanza kuzunguka, huku dukani anaoneshwa vipya vinang'aa, huku dalali anampigia simu kuna plau ya mtumba iko Babati njoo na hela.

Mi naona hakuna jibu moja la vifaa vyote, na anayekwambia "nunua vipya tu" au "mtumba ndo chuma chenyewe" anakupotezea hela pande zote mbili. Chuma kinachoburutwa tu ardhini, yaani plau ya diski, haro, ripa ya kuchana ardhi, hicho cha mtumba kikiwa kizima ni biashara nzuri kabisa, na kuna wakati kinakizidi kipya. Chuma kinachozungushwa na PTO, yaani ile shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini, chenye giaboksi na sili za kuzuia mafuta yasivuje na beringi ndani, yaani rotaveta, hicho jibane ununue kipya. Ila kabla hujafika huko kuna suala la saizi, na hili kwa mwenye trekta ndogo ndo linaua watu zaidi.

Zana nyingi sana za mtumba zinazozunguka nchini zilitengenezwa kwa trekta kubwa, Massey 375, New Holland TT75 na wenzao wa HP 75 kwenda juu. Plau yake ni ya diski tatu, chuma kizito cha kilo 300 na zaidi, na dalali atakwambia hii inafungwa popote mkuu, usijali. Haifungwi popote. Trekta ndogo nyingi zina mikono ya kuinulia ya daraja la kwanza, pini za mikono ya chini ni milimita 22 na ya juu ni milimita 19, wakati zana za trekta kubwa ni daraja la pili, pini milimita 28 chini na 25 juu. Hata upana hauko sawa, daraja la kwanza umbali kati ya pini mbili za chini ni kama sentimita 68 na la pili ni kama 82. Fundi anaweza kukubadilishia pini na kusogeza mabati ya kufungia, hiyo inawezekana na watu wanafanya, lakini fundi hawezi kukubadilishia uzito. Trekta ya tani moja na kidogo ukiifunga plau ya diski tatu, ukinyanyua haidroliki pua inakuwa nyepesi, usukani hausikii, na kwenye kilima au kuvuka tuta trekta inaweza kunyanyuka mbele ikakugeukia. Huku shambani nako haivuti, tairi zinazunguka tu zinachimba mashimo na dizeli inaisha. Kwahiyo ukienda kuangalia mtumba beba futi kamba, pima pini, pima upana, halafu ndo muanze kuongea bei. HP 30 hadi 45 tafuta plau ya diski mbili. HP 24 kwenye mbuga nzito, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, hata diski mbili itakusumbua, kwenye kichanga na tifutifu inakwenda.

Na hapa mpya inashinda waziwazi, maana dukani unaweza kuagiza zana ya saizi ya trekta yako, wakati mtumba unachukua kilichopo. Plau ya diski mbili ya mtumba kuipata inataka subira kwelikweli, mtu mwenye nayo nzuri haiuzi hovyo.

Tuseme umeipata. Plau ya diski ni kitu rahisi sana kukikagua, ndo maana nasema usiogope mtumba wake. Inaingia ardhini kwa uzito wake na kwa jinsi diski zilivyolala, haina maajabu mengine. Ile pembe ya diski kuelekea inakokwenda inakuwa kati ya nyuzi 42 na 45, na kule kulala nyuma ni nyuzi 15 hadi 25, sasa plau iliyogonga visiki miaka mingi miguu yake inapinda na zile pembe zinapotea, matokeo yake diski moja inachimba na nyingine inaparua juujuu. Kuijua simama nyuma yake uangalie kwa jicho kama diski zimelala sawa, halafu pima kwa futi umbali kutoka ukingo wa diski moja hadi nyingine, juu na chini na pembeni. Shika diski kwa mikono miwili itikise juu na chini, ikicheza beringi zimelika au hazijakazwa, beringi sio ugonjwa mkubwa zinapatikana na zinabadilishwa, ila tumia hiyo kupunguza bei. Diski mpya ya plau mara nyingi ni inchi 26, ukipima ukakuta imebaki 22 ujue unanunua fremu tu na diski unaenda kununua nyingine. Angalia fremu pale inapokutana na mabati ya kufungia kwenye trekta, hapo ndo panapopasuka, na plau ya zamani iliyopakwa rangi mpya juzi mi inanitia mashaka kuliko iliyojaa kutu, kwasababu chini ya rangi unaweza kukuta imechomelewa mara kibao. Kwaruza rangi kwa funguo pale kwenye maungio, mwenye mali akikasirika umeshapata jibu.

Upande wa plau mpya tatizo sio upya, tatizo ni wembamba. Kuna vifaa vipya vinavyouzwa sasa hivi vimeigiliziwa umbo la zile zana za zamani lakini chuma kimepunguzwa, fremu nyepesi, diski laini. Kwenye ardhi iliyolainika na mvua hutaona tofauti. Nenda nayo kwenye ardhi ngumu ya Kongwa mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijakolea uone, plau inateleza juu, watu wanaanza kufungia mawe na magunia ya mchanga ili izame, na fremu yenyewe haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Hapo ndo plau nzito ya zamani iliyotunzwa inaiacha mpya nyepesi mbali sana. Kwahiyo dukani usiulize bei peke yake, uliza kilo. Uliza diski ni chuma cha boroni au cha kawaida, cha boroni kinachelewa kulika. Muuzaji asiyejua uzito wa plau anayoiuza hajui anauza nini.

Haro sasa. Haro ya trekta ndogo mara nyingi ni ya diski 10 au 12 za inchi 18 au 20, safu ya mbele yenye meno na ya nyuma mviringo kamili. Ya mtumba inafaa, nasema inafaa, ila ina ugonjwa mmoja uliojificha ambao watu wengi hawaujui. Diski zote za safu moja zimevikwa kwenye shafti ya pembe nne, katikati kuna vile vibomba vya kutenganisha, na mwisho kuna nati kubwa inayobana kila kitu. Ile nati ikilegea kidogo na mwenye haro akaendelea kulima nayo, diski inaanza kucheza kwenye shafti, tundu la pembe nne linalika linakuwa duara, na shafti yenyewe inalika kona. Ikishafika hapo hata ukikaza nati kwa bomba la mita mbili, baada ya heka chache inalegea tena. Namna ya kugundua, inyanyue haro juu kwa haidroliki, weka magogo chini ya fremu maana usiingize mkono chini ya kitu kilichoning'inizwa na haidroliki peke yake hata siku moja, halafu shika diski moja uizungushe huku mwenzako ameshikilia ya mwisho. Ikizunguka hata kidogo peke yake bila wenzake, matundu yamekufa. Hapo hesabu diski zote na shafti, yaani unanunua haro upya kwa vipande.

Halafu angalia vile vibomba vya katikati, vingi ni vya chuma cha kumimina, vikipasuka havichomeleki vizuri. Zungusha safu nzima kwa mkono usikilize, beringi nzima inapita kimya, iliyokufa inakoroma na utaona grisi iliyochanganyika na mchanga inatoka pembeni. Beringi za haro zinalika hata kwa mtu makini, hilo halinitishi, kinachonitisha ni mashimo na shafti.

Mpya kwenye haro faida yake kubwa ni kwamba unaanza na nati iliyokazwa na unaweza kuitunza mwenyewe kuanzia siku ya kwanza. Baada ya masaa machache ya kwanza ya kazi kaza tena, maana rangi iliyoko kati ya vyuma inasagika na kila kitu kinalegea, hili maduka mengi hayakwambii. Kama bei ya mtumba mzuri na mpya hazipishani sana mi kwenye haro ningechukua mpya, zikipishana nusu kwa nusu ningechukua mtumba baada ya kuikagua hivyo nilivyosema.

Ripa, au wengine wanaita jembe la kuchana, hii usijisumbue sana. Ni chuma na ncha, ncha inalika unabadilisha. Mtumba sawa, fundi mzuri wa mtaani kukutengenezea sawa, ilimradi mguu ni chuma kigumu na kuna bolti ya kukatika ikigonga kisiki. Jembe la matuta ni vilevile.

Rotaveta ndo yenye maneno, na ndo kitu ambacho wenye trekta ndogo wanakitamani kuliko vyote kwasababu inalima na kulainisha kwa mara moja, na kwa mtu wa mpunga Dakawa au Mbarali au Kilombero inavuruga tope vizuri sana. Tatizo la rotaveta ya mtumba ni kwamba ugonjwa wake uko ndani, huuoni. Juu unaona visu na bodi, ndani kuna giaboksi, pembeni kuna gia nyingine au cheni, chini kuna beringi na sili ya rota ambayo inatembea kwenye matope muda wote. Majani na kamba za magunia zinajizungusha kwenye shafti pale pembeni, zinakata sili, mafuta yanatoka maji yanaingia, na mwenye nayo anaendelea kulima hadi msimu uishe, halafu anaiuza.

Kama hali imekubana na lazima iwe mtumba, basi fungua bolti za kumwagia mafuta ya giaboksi, zote mbili, ya juu na ya pembeni. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa maji yameingia. Yakiwa na vumbi linalometameta kidogo ni kawaida ya umri, yakiwa na vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole achana nayo. Yakiwa mapya kabisa, safi, yamewekwa jana, uliza kwanini yamewekwa jana. Shika shafti ya kuingilia izungushe kidogo mbele na nyuma kabla rota haijaanza kusogea, uchezaji mdogo ni lazima uwepo, lakini ukizungusha mkono unakwenda na kurudi ndo kule nyuma kunasikia, gia zimelika. Nyanyua rota kwa nondo kule mwisho, ikicheza beringi ya chini imekufa. Kata majani yote yaliyojizungusha uone sili kwa macho, usikubali kuambiwa ni nzima. Angalia mabati yanayoshika visu kama yamepasuka au yamechomelewa, na kama visu vyenyewe vimewekwa kushoto na kulia kwa mpangilio wake, maana watu wanafunga visu hovyo na mashine inatetemeka hadi fremu inapasuka.

Kuna kitu kingine kidogo kinachokupa historia nzima ya mashine. Kwenye shafti ya PTO kuna bolti ya kukatika, kazi yake ni kufa ili giaboksi ipone. Ukikuta pale pamefungwa bolti ngumu kuliko inayotakiwa, au pamechomelewa kabisa, jua kila kisiki na kila jiwe mshtuko wake ulikwenda moja kwa moja kwenye gia za rotaveta na za trekta. Mashine ya namna hiyo hata ukipewa kwa bei ya kutupa usiifunge kwenye trekta yako. Kwenye zile zenye klachi ya kuteleza badala ya bolti angalia kama haijaganda kwa kutu, imekaa mvuani misimu miwili inaganda na inakuwa kama haipo, japo hiyo inatengenezeka, unalegeza springi, unaiacha iteleze kidogo, unakaza tena.

Tufanye hesabu ya mfano tu, bei zako utaziweka mwenyewe kwa soko la kwenu. Tuseme rotaveta mpya ya futi nne ni milioni 5 na nusu na ya mtumba ni milioni 3. Kwa mtumba ongeza seti ya visu na bolti zake, sili, beringi za rota, krosi za maungio ya shafti ya PTO, mafuta na fundi, tuseme inafika milioni 1 na laki 4. Umeshafika milioni 4 na laki 4, umeokoa milioni 1 na laki 1, huna warranti, na gia za ndani ni zilezile za zamani. Ikikatika gia moja katikati ya msimu ile hela uliyookoa imekwenda na heka za watu ulizokuwa umeahidi zimekwenda kwa mwingine. Ndo maana mi nasema rotaveta ya mtumba pamoja na matengenezo isizidi nusu ya bei ya mpya, ikizidi hapo bora usubiri uongeze hela. Na hiyo futi nne ni kwa trekta ya HP 30 kwenda 35 hivi, usinunue futi tano kwasababu tu imepatikana kwa bei nzuri.

Ukienda kununua mpya nako usikimbilie rangi. Kabla hujalipa uliza bei ya seti moja ya visu na uliza kama sili na beringi zake ni namba za kawaida unazoweza kuzipata kwenye maduka ya spea Gerezani, Dar, au ni mpaka waagize kwao. Visu ni kitu cha kununua mara kwa mara hasa kwenye kichanga, rotaveta ya bei nafuu yenye visu visivyopatikana ni hasara. Kipindi cha Nane Nane ni kizuri kwa hili, viwanja vya Morogoro au Nzuguni Dodoma wauzaji wanakaa jirani jirani, unaweza kushika vyuma vya huyu na vya yule siku hiyohiyo. Na CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo pale Arusha, kazi yao mojawapo ni kupima zana za kilimo, sio vibaya kumuuliza muuzaji kama zana yake imepita huko.

Iwe mpya iwe mtumba, shafti ya PTO lazima iwe na gamba lake la plastiki. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde, ikishika kona ya ovaroli au kanga hakuna mtu mwenye nguvu za kujivuta wala muda wa kuzima trekta. Mtumba nyingi zinauzwa bila hilo gamba. Linanunuliwa, liweke kwenye hesabu ya bei, na usimruhusu mtoto wala kibarua kusogea karibu mpaka liwepo.

Halafu kuna wale wenye trekta za mtumba za Japani zilizokuja na rotaveta yake kabisa nyuma. Hiyo ni habari nyingine, maana zilitengenezwa pamoja, mfungo wake mara nyingi ni wa pekee na haufanani na hii mikono mitatu ya kawaida, kwahiyo kama trekta yako ilikuja bila ya kwake usinunue rotaveta ya Kijapani iliyolala peke yake kwa mtu mpaka uijaribishe kwenye trekta yako hasa. Nyingi ya hizo trekta zina PTO ya spidi kadhaa, ukifunga rotaveta ya kawaida iliyotengenezwa kwa 540 hakikisha uko kwenye spidi ya chini, ukiweka ya juu unaizungusha kuliko uwezo wake. Kama ilikuja nayo na ni nzima, itunze, badilisha mafuta na sili hata kabla hujaanza kazi, umeshapata zana ya bure inayoendana na trekta.

Muda wa kununua nao una bei yake. Kuanzia Septemba kila mtu anatafuta plau na madalali wanajua. Mwezi wa tano wa sita plau zimelala chini ya miembe, mwenye nayo anaihesabu kama hela iliyolala, hapo mnaongea vizuri na una muda wa kuipeleka kwa fundi taratibu. Hasara yake ni kwamba ardhi imekauka na huwezi kuijaribu kulima vizuri, lakini kuifunga, kuinyanyua na kuizungusha unaweza, na hivyo usiviache hata kama umesafiri mbali na jua linazama.

Kwahiyo mtu mwenye HP 30 na heka zake kumi kumi na tano za mahindi Kiteto, na anataka kulimia na majirani, ningemwambia atafute plau ya diski mbili ya mtumba nzito, haro achukue kulingana na tofauti ya bei, na ripa amtengenezee fundi, maana kulima kwa diski kina kilekile kila mwaka kunatengeneza tabaka gumu chini na maji hayapiti, ile ripa kila baada ya misimu kadhaa inalichana. Rotaveta kwake isubiri. Mwenye mpunga wa skimu ya umwagiliaji ageuze, hela yote ya kwanza iende kwenye rotaveta mpya ya futi nne yenye gia za pembeni badala ya cheni kama bajeti inaruhusu, na ikibaki kitu anunue seti ya pili ya visu na sili mbili za akiba aweke ndani kabla maji ya skimu hayajafunguliwa.